Vimeng'enya vinavyoilisha saratani ya tezi dume

"Mwanangu, nimekutwa na PSA?" Wazee wengi wanaorudi kuchukua majibu kwenye maabara ninayofanyia kazi, hapa Dar es Salaam, huniuliza hivyo. Huwajibu kwamba kila mwanamume mwenye tezi dume anayo. PSA ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi fulani mwilini, na kazi yake ni kuyeyusha uzito wa shahawa ili mbegu ziogelee kwa urahisi. Kwa kawaida hubaki ndani ya tezi, na kidogo sana ndicho kinachopenya kwenye damu. Saratani ikivuruga mpangilio wa seli za tezi, hupenya kingi zaidi, nasi tunakipima.

Lakini tezi iliyotanuka kwa sababu ya umri nayo huvujisha PSA. Maambukizi ya njia ya mkojo, kuwekewa mpira wa mkojo, hata kumwaga shahawa siku moja au mbili kabla ya kipimo, vyote vinaweza kupandisha namba. Ndiyo maana nanogramu 4 kwa mililita, kiwango kinachotumika sana kama mpaka, hakitoshi peke yake kusema mtu ana saratani au hana.

PSA ilitanguliwa na kimeng'enya kingine cha tezi dume, fosfatasi ya asidi. Mwaka 1938, nchini Marekani, Alexander na Ethel Gutman walionesha kwamba kiwango chake hupanda katika damu ya wanaume ambao saratani yao imefika mifupani. Mwaka 1941, Charles Huggins na Clarence Hodges wa Chuo Kikuu cha Chicago walikitumia kufuatilia tiba. Walipowaondolea wagonjwa korodani au kuwapa estrojeni, kiwango kilishuka. Walipowachoma sindano za homoni za kiume, kilipanda. Hapo ikabainika kwamba saratani hii hulishwa na homoni za kiume, na Huggins akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966.

Homoni hizo nazo ni kazi ya vimeng'enya. Kimoja, 5-alfa-reduktasi, huigeuza testosteroni kuwa DHT, ambayo ina nguvu zaidi ndani ya tezi dume. Finasteridi, dawa wanayopewa wazee wenye tezi iliyotanuka, hukizuia kimeng'enya hicho. Ikitumika kwa miezi kadhaa hushusha PSA kwa karibu nusu, kwa hiyo mzee anayeimeza akipata 3, daktari huihesabu kama 6 hivi. Akinyamaza kuhusu dawa hiyo, majibu yatamfariji bure. Kwa hiyo kabla sijamfunga mtu mpira wa mkononi huuliza: "Mzee wangu, unatumia dawa gani?"

Kingine ni CYP17A1, ambacho hushiriki kutengeneza homoni za kiume kwenye korodani, kwenye tezi za adrenali zilizo juu ya figo, na hata ndani ya uvimbe wenyewe. Ndiyo sababu mojawapo ya saratani kuanza kukua tena kwa mtu aliyekwisha kuondolewa korodani. Abirateroni, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, hukizuia kimeng'enya hiki, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu.

Kusambaa kwa saratani nako kuna vimeng'enya vyake. Ndani ya tezi, vikundi vya seli vimezungushiwa utando mwembamba wa protini. Vimeng'enya vya kundi la MMP, hasa MMP-2 na MMP-9, huutafuna utando huo kama mchwa kwenye fremu ya mlango. Seli zikipata upenyo huingia kwenye mishipa ya damu na limfu, na mara nyingi hutua kwenye mifupa ya uti wa mgongo na nyonga. Dawa za kuzuia MMP zilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani mbalimbali kuanzia miaka ya 1990, zikaleta maumivu ya viungo bila nafuu iliyotarajiwa. Vimeng'enya hivyo ni vingi, na mwili unavihitaji, kwa mfano katika kuponya vidonda. Si rahisi kuvizima bila kuumiza.

Kwa hiyo ni heri kuuwahi ugonjwa ukiwa bado ndani ya tezi, wakati ambao mara nyingi hauumi popote. Mwanamume aliyefika miaka 50, au 45 ikiwa baba au ndugu yake wa kiume aliugua, azungumze na daktari kuhusu kipimo. Ataje dawa zote anazotumia. Namba ikiwa juu, kipimo kirudiwe; ikibaki juu, daktari ataamua kama zinahitajika picha za MRI au vinyama vya kuchunguzwa kwa hadubini. Karatasi ninayokukabidhi ni mwanzo wa uchunguzi. Usiifiche chini ya godoro wala usiipeleke kwa mganga. Ipeleke kwa daktari wiki hiyohiyo.