Baba Hataki Trekta

Msomaji, umerudi likizo nyumbani Usangu, umemkuta Baba mzee yumo topeni nyuma ya ng'ombe, na Mama mgongo umepinda. Usiku ule ule ukaanza: "Baba, tuuze ng'ombe tununue pawatila." Mzee akanyamaza. Usidhani hakusikia. Ng'ombe wale ndio waliokulipia ada, na ndio watakaouzwa siku akiugua. Trekta haizai ndama.

Basi usianze na kuuza. Pawatila, ile trekta ndogo ya magurudumu mawili, ilihimizwa sana tangu 2009, mwaka wa Kilimo Kwanza. Katika majaruba ya mpunga ya Mbarali yafaa kweli: huvuruga tope vizuri, na ikifungwa tela hubeba magunia. Lakini ninyi wa miteremko ya Kilolo na Mufindi, angalieni: mlimani ni hatari, na ardhi kavu ngumu huishinda. Huko mzee akikataa, amekuzidi akili.

Kodi kwanza ya jirani, ekari moja tu, Baba aone kwa macho yake. Hesabu ya dizeli, vipuri na ujira mpe Mama pia. Asiposhirikishwa yeye, shauri halitakwenda mbali.

Kisha jibu swali ambalo Baba hakuuliza: wewe ukirudi mjini, nani ataiwasha? Nyingi huwashwa kwa kuzungusha hendeli, na mikono ya mzee haiwezi tena. Kama ni kijana wa jirani, mtafuteni, mpatane naye ujira mbele ya Baba, kabla likizo haijaisha.