Kabla ya kuongeza wodi, pata idhini

Juma hili, ndugu msomaji, nayaacha maradhi kidogo ili tuzungumze juu ya majengo. Usishangae. Wodi iliyojengwa vibaya yaweza kumdhuru mgonjwa sawasawa na dawa iliyotolewa vibaya.

Tuchukue mfano. Wewe unafanya kazi Nairobi, na nyumbani kwenu Kithimani una hospitali ndogo ya vitanda 10, karibu na barabara ya Thika kwenda Garissa. Akina mama wanaokuja kujifungua wameongezeka, na usiku mwingine wawili hulala kitanda kimoja. Umepata mkopo wa kuongeza vitanda 10 vingine. Mawe na kokoto zimeshamwagwa, fundi anangoja neno lako. Je, aanze? La, bado.

Sheria yasemaje?

Katiba ya 2010 iliikabidhi serikali ya kaunti kazi ya mipango ya ardhi. Kwa hivyo maombi yako yanapelekwa kwa kaunti ya Machakos. Sheria ya 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi, iliyochukua mahali pa ile ya 1996, inakataza mtu kuanza ujenzi kabla ya kupewa idhini. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili.

Utahitaji ramani iliyochorwa na msanifu majengo aliyesajiliwa, michoro ya mhandisi, na hati ya kumiliki ardhi. Ikiwa shamba lako limesajiliwa kwa kilimo, omba kwanza kubadilisha matumizi yake. Umma nao sharti ujulishwe, ili mwenye pingamizi aseme. Usisahau Mamlaka ya Mazingira, NEMA, na Baraza la Madaktari, KMPDC, ambalo husajili hospitali.

Hifadhi stakabadhi yenye tarehe uliyopeleka maombi. Sheria inasema kwamba siku 60 zikipita bila jibu la maandishi, idhini huhesabiwa kuwa imetolewa. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mambo hayo, na baadaye kwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Kwa nini daktari ajali?

Kwanza ni maji. Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza lita 40 hadi 60 kwa siku kwa kila mgonjwa aliyelazwa. Vitanda 10 vipya basi ni lita 400 hadi 600 zaidi kila siku, na kila mama anayejifungua huhitaji yapata lita 100 zake. Wewe wajua ukame wa Yatta. Matangi yako wapi kwenye ramani?

Pili ni hewa. Kifua kikuu huenea katika chumba kilichofungwa. Wodi inataka madirisha pande mbili zinazokabiliana, na nafasi ya angaa mita moja kati ya kitanda na kitanda.

Tatu ni taka. Sindano, pamba zenye damu na kondo la nyuma vitaongezeka pia. Shimo na kichomea taka vikiwekwa karibu na kisima, jirani atakunywa uchafu wako.

Nne ni njia. Miaka mingi iliyopita nilifanya kazi katika hospitali ambayo sitaitaja. Wodi mpya ilikuwa imebandikwa nyuma ya ile ya zamani bila ramani kupitishwa. Usiku mmoja mama alivuja damu nyingi baada ya kujifungua. Tulipomkimbiza chumba cha upasuaji, machela ilikwama kwenye kona ya mlango. Tulimbeba kwa shuka, watu wanne, damu ikitiririka sakafuni. Alipona, lakini dakika zile sijazisahau. Mlango kwenye karatasi hupanuliwa kwa kalamu na kifutio; ukishajengwa, hupanuliwa kwa nyundo.

Nawe jirani

Huenda huna hospitali, bali umeona tangazo la ujenzi karibu na kwenu. Usipinge kwa sababu tu hutaki kelele, maana huenda ni mkeo au bintiyo atakayejifungulia humo. Lakini usinyamaze pia. Uliza maji taka yataelekea wapi, moshi utapeperukia nani, na gari la wagonjwa litapita wapi.

Najua kungoja kunaudhi, hasa mkopo unapodai riba. Lakini mwenye kuidhinisha ramani akiifanya kazi yake sawasawa, anamkinga mgonjwa ambaye hata hajaugua. Mwambie fundi angoje. Kinga ni bora kuliko tiba.