Asilimia 5, Lakini ya Nini? Hesabu ya Kodi ya Kamari Kenya

Mwaka 2021 Kenya iliweka ushuru wa asilimia 7.5 kwa kila dau la kamari. Mwaka 2023 ukapanda hadi 12.5, na Desemba 2024 ukafika 15. Julai 2025 ukashuka ghafla hadi 5, na wengi wakasema wacheza kamari wamepunguziwa mzigo. Wachache waliangalia asilimia hiyo inatozwa wapi. Zamani ilikatwa kwenye dau. Sasa hukatwa kwenye pesa inapoingia katika akaunti ya kubeti.

Chukua kijana anayetuma shilingi 1,000 kutoka M-Pesa. Anabeti, anashinda kidogo, anaurudisha ushindi wote, anapoteza, anajaribu tena. Tuseme pesa hiyo inazunguka mpaka madau yake yote yakijumlishwa yanafika 4,000. Kwa sheria ya zamani, ushuru wa madau hayo ni shilingi 600, na makato hayo yangemkausha mapema. Kwa sheria mpya anakatwa 50 mlangoni, kisha anabeti usiku kucha bila ushuru mwingine. Akitoa pesa, anakatwa tena asilimia 5.

Hapo ndipo naona kasoro. Anayetoa ushindi wake akanunue unga analipa kodi. Anayeuacha ndani aubeti tena halipi. Serikali imeweka vizuizi kwenye mlango wa kuingilia na wa kutokea, ikaacha ukumbi wazi.

Sisemi ushuru wa zamani ulikuwa wa haki. Tuseme kampuni inapokea madau ya shilingi milioni 1 na kuwalipa washindi 900,000. Inabaki na 100,000, na kodi ya kampuni, asilimia 15 ya kilichobaki, ni 15,000. Ushuru wa dau kwa milioni hiyo hiyo ulikuwa 150,000, kupita pato lote la kampuni! Mzigo huo aliubeba mwenye dau, wakati tovuti zisizo na leseni hazimkati hata senti.

Kuzibana kampuni zenyewe kulijaribiwa. Kodi yao ilitoka asilimia 7.5 hadi 35 kwa sheria ya fedha ya 2017, kisha ikashushwa hadi 15. Mwaka 2019, katikati ya mvutano wa kodi, kampuni 27 zilinyimwa leseni mpya, na Septemba kampuni ya SportPesa ikasimamisha shughuli zake nchini. Baadaye ilirudi.

Agosti 2025 Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Udhibiti wa Kamari, ikachukua nafasi ya ile ya 1966, iliyotungwa miaka 41 kabla ya M-Pesa kuzaliwa. Bodi ya zamani ya leseni za kamari inapisha mamlaka mpya ya udhibiti. Takwimu za kufanyia kazi zipo tayari: tangu 2023 kampuni zinatakiwa kuwasilisha makato ya kodi ndani ya saa 24, kwa hiyo kila siku kinachoingia na kinachotoka kinahesabika. Mamlaka idai hesabu hiyo kwa kila akaunti, mwezi kwa mwezi. Mtu anayeingiza 10,000 na kutoa 800, miezi mitatu mfululizo, awekewe kikomo cha kuweka pesa, na kampuni itakayoendelea kumtumia ujumbe wa ofa za bure inyimwe leseni ya mwaka unaofuata.