Kutoka Klarineti hadi Tarumbeta: Kazi ya Midomo

Katika bendi ya shule huweza kutokea kwamba wapigaji wa klarineti ni wengi, ilhali wa tarumbeta ni haba. Hapo mwalimu humteua mwanafunzi mmoja ahamie tarumbeta. Mwanafunzi huyo husoma muziki vyema na vidole vyake ni vyepesi. Hata hivyo, kwa majuma kadhaa ala mpya humtolea sauti asizozikusudia. Wenziwe humcheka, naye huanza kuamini kwamba hana kipaji. Fizikia yaonyesha kuwa hukumu hiyo si ya haki.

Ala za kupuliza hugawanywa kwa jinsi sauti inavyoanzishwa, wala si kwa kitu zilichoundwa kwacho. Saksafoni, ambayo Adolphe Sax aliipatia hataza mwaka 1846, huundwa kwa shaba, lakini imo katika jamii ya klarineti kwa sababu kinachotetema ni ulimi wa tete. Kwa upande mwingine, siwa ya Pate ni ya pembe ya ndovu na ile ya Lamu ni ya shaba. Zote mbili ni ndugu za tarumbeta, kwa kuwa kinachotetema ni midomo ya mpigaji. Zumari, yenye ulimi, iko upande wa klarineti.

Mpigaji wa klarineti hufungua na kuziba matundu, na hivyo hubadili urefu wa hewa inayotetema ndani ya bomba. Kwa sehemu kubwa, vidole ndivyo vinavyochagua sauti. Tarumbeta ina vali 3 tu. Vali ya pili huongeza kipande kifupi cha bomba na kuishusha sauti kwa nusu toni 1. Ya kwanza huishusha kwa nusu toni 2. Ya tatu, kwa nusu toni 3. Zikitumiwa pamoja au mbalimbali, zatoa mipangilio 8 pekee.

Sauti nyingine hutoka wapi? Bomba lenye urefu mmoja hukubali mitetemo ya namna kadhaa. Pasipo kubonyeza vali yoyote, tarumbeta ya kawaida hutoa sauti zenye mitetemo ipatayo 233, 349, 466, 583 na 698 kwa sekunde, yaani kwa uwiano wa 2:3:4:5:6. Midomo pamoja na pumzi ndiyo huchagua mojawapo. Kwa hiyo, mgeni aliyeweka vidole sawasawa aweza bado kupata sauti isiyo yake.

Hali hii yadokeza namna ya kufundisha. Mwanafunzi na aimbe sauti kwanza, kisha aipulize, ili sikio liiongoze midomo. Apande na kushuka katika sauti hizo bila kugusa vali. Misuli ya midomo huchoka upesi. Basi mazoezi yawe mafupi, yakifuatwa na mapumziko. Asiukandamize mdomo kwa ala ili kufikia sauti za juu, kwani mkandamizo huzuia damu na kuudhuru mdomo.

Pumzi, usomaji wa noti na mapigo ya ulimi wa kinywani ni mali aliyokuja nayo kutoka klarineti. Kilichobaki ni misuli na sikio, na hivyo hujengwa kwa muda. Mwalimu asimhukumu mwanafunzi kabla ya muda huo kupita.