Haya ya Mgonjwa

Ijumaa za Kwaresima, tunapofuata Njia ya Msalaba, twapiga magoti katika kituo cha kumi kumtazama Bwana wetu akivuliwa nguo mbele ya umati. Kanisa halikulihesabu jambo hilo kuwa dogo kando ya misumari. Limelipa kituo chake peke yake. Mbona basi mama alalaye bila nguo katika chumba cha uzazi, mlango wazi na wapitaji wakichungulia, twamwona kuwa jambo la kawaida?

Wako wasemao kwamba penye maradhi haya hazina nafasi. Lakini watu wamekufa kwa ajili ya haya. Huko Rawalpindi, mji uliokuwa wa Uhindi na sasa ni wa Pakistani, wanawake Waislamu waliokaa ndani kwa desturi ya dini yao hawakukubali kuonwa na daktari mwanamume, hata katika uchungu wa kuzaa. Daktari Agnes McLaren, mwanamke Mskoti aliyeingia Ukatoliki, alisaidia kuwaanzishia hospitali, akatafuta masista wenye udaktari. Hakuwapata, kwa kuwa sheria ya Kanisa ya siku zile haikuwaruhusu watawa kufanya kazi hiyo. Alifariki mwaka 1913. Kijana Mwaustria, Anna Dengel, aliitika wito wake, akasoma udaktari, akaenda Rawalpindi mwaka 1920, na mwaka 1925 akaanzisha shirika la masista waganga huko Washington. Hatimaye, tarehe 11 Februari 1936, sikukuu ya Bikira Maria wa Lourdes, Roma ilitoa ruhusa. Kanisa liligeuza kanuni yake, na haya ya wanawake wasiosali pamoja nasi ilikuwa mojawapo ya sababu!

Hapa Likasi, mji ambao shaba iliwakusanyia watu wa kila kabila, vitanda vya wodi moja huwalaza Mkatoliki, Mkimbangu, Mpostolo wa kanzu nyeupe na Mwislamu. Sista asivuliwe shela, wala mama Mwislamu mtandio wake, pasipo sababu ya tiba. Na sababu ikiwapo, aambiwe kwanza. Rozari ikiondolewa shingoni kabla ya kupasuliwa, ikabidhiwe mkononi mwa ndugu, isitupwe sahanini pamoja na pamba.

Lakini tusiwatwike wauguzi mzigo wote. Katika hospitali zetu ni jamaa wanaomwogesha mgonjwa na kumlisha. Tunapompeleka mkwe akamlinde mama mkwe wake, au msichana akamwogeshe baba mzima, sisi wenyewe ndio tunaomvua mgonjwa heshima yake. Tuchague mlinzi kwa kufikiri.

Ajali ni jambo jingine. Lori la madini likipinduka katika barabara ya Lubumbashi, damu ikimwagika, nguo zikatwe, na yeyote ajuaye kuizuia aizuie, awe mume au mke. Waislamu nao hufundisha kwamba dharura huhalalisha lililokatazwa. Mgonjwa naye asifiche jeraha kwa kuona aibu. Ila damu ikiisha kuzuiwa, afunikwe mara moja, na wanaoinua simu kumpiga picha wafukuzwe.

Akina mama waendao kuzaa hutayarisha mfuko wao mapema: nguo za mtoto, sabuni, beseni. Wakunje humo kitenge cha pili, kipana, cha kufunika miguu wakati wa kupimwa. Hakuna mkunga mwema atakayekikataa.