Fahamu: Simu inaposema "haina dhamana"

Fungua mipangilio ya simu ya Android, iwe umeinunua Kismayu, Mombasa au Dubai, kisha tafuta taarifa za kisheria. Utakuta leseni chungu nzima ambazo hakuna azisomaye. Mojawapo, GPL toleo la 2 la mwaka 1991, inatamka kwa herufi kubwa kwamba programu haina dhamana. Basi simu ikizima kesho, duka halidaiwi?

Linadaiwa. Maneno hayo ni kinga ya waandishi wa Linux, kiini cha Android, ambao hawakukuuzia kitu. Kioo, betri na chaja ni ahadi ya muuzaji na kiwanda. Tena leseni yenyewe inaruhusu dhamana itolewe kwa malipo, na kinga yake hukomea pale sheria ya nchi inapokataa.

Upande wa pili, kwa leseni hiyo hiyo, anayeuza kifaa chenye Linux anapaswa kukupatia msimbo chanzo wa Linux hiyo ukiutaka. Wapo wanaokaidi; mwaka 2004 mahakama ya Munich, Ujerumani, ilimzuia mmoja.

Ukinunua simu Kismayu, dai risiti yenye muda wa dhamana na namba ya IMEI kabla hujalipa.