Portai ya moteri: angalia kwanza udongo wa parseli yako

Ukipita siku hizi Muhumba ao Nguba hapa Bukavu, ao Himbi kule Goma, utakuta portai zinajifungua zenyewe. Gari inasimama, mwenye nyumba anabonyeza telekomande, na sentineli hatoki tena kulowana na mvua. Ni kitu kizuri. Lakini wengi wananunua vibaya. Mtu anapenda portai ya jirani, anaipiga picha, anaipeleka kwa fundi na kusema: "Nataka sawa hii." Kumbe parseli ya jirani iko tambarare, na yake iko kwenye mteremko. Kiisha miezi michache moteri inaungua, portai inarudi kusukumwa kwa mikono, na pesa imekwenda.

Moteri njo kitu cha mwisho kuchagua. Cha kwanza ni udongo na fasi uliyo nayo.

Portai ya mabawa mawili, ile mafundi wetu wanaitaka batanti, inafunguka kama dirisha. Inatundikwa kwenye nguzo mbili, haiitaji reli chini, na karibu kila fundi wa kuchomelea vyuma anaijua. Ila inataka fasi ndani. Kama njia ya gari iko na metre 4, kila bawa lina metre 2, na zile metre 2 nyuma ya portai lazima zibaki wazi siku zote. Hakuna kusimamisha pikipiki pale, hakuna kumwaga mchanga wa ujenzi.

Bukavu ni mji wa vilima, na hapo batanti inaanza kupata taabu. Mwambie fundi apime mteremko na nivo ya maji, ule mpira mweupe anaotumia kwa fondasio. Kama njia inapanda kuingia ndani kwa 10%, maana yake sentimetre 10 kwa kila metre, bawa la metre 2 likifunguka lote, ncha yake itakuta udongo uko juu kwa sentimetre 20. Litagonga chini. Watu wengine wanaipunguza portai kwa chini ili ipite, na usiku inabaki tundu la sentimetre 20 ambamo mbwa anapita, na mtoto mdogo pia. Wengine wanaigeuza ifungukie barabarani. Hiyo mimi siikubali hata kidogo. Avenyu zetu ni nyembamba, watoto wanapita wakitoka masomo, mama anapita na mzigo mgongoni, na mwenye kubonyeza telekomande akiwa ndani haoni ni nani yuko nyuma ya chuma.

Kama parseli yako iko chini ya barabara, na njia inashuka kuingia, batanti inafunguka bila shida. Hapo angalia tu kanivo, juu maji yote ya barabara yatakuja kwako.

Aina ya pili ni portai ya kuteleza. Inatembea pembeni ya ukuta juu ya reli, kwa hiyo mteremko wa kuingia ndani hauisumbui. Kinachoisumbua ni ukuta. Kwa njia ya metre 4 unahitaji karibu metre 4 na nusu za ukuta ulionyooka upande mmoja, bila choo, bila mti, bila tanki la maji. Tena reli yenyewe lazima ilale sawa kabisa. Portai ya kilo 250 ikipanda mteremko wa 10%, moteri inabeba kilo 25 zaidi kila safari, na ikirudi inashuka kwa nguvu yake yenyewe. Hapo moteri haivuti tena, inazuia, na haitadumu.

Goma iko na mambo yake. Chini ni jiwe la volkano, na lile jiwe likishika nguzo haisogei tena, wakati hapa Bukavu udongo unatembea na nguzo zinainama hata mabawa ya portai hayakutani tena. Lakini kule changarawe nyeusi inaingia kwenye reli. Jiwe dogo moja linatosha kusimamisha gurudumu. Ukiweka portai ya kuteleza Goma, ujue kwamba ufagio unapita kwenye reli kila asubuhi. Uvira ni vilevile kwa mchanga, sana sana kiisha mvua kubwa.

Kuna dawa ya hiyo: portai ya kuteleza ambayo haigusi chini. Inashikwa upande mmoja na magurudumu yaliyofungwa kwenye beto nzito, na mbele inapita hewani. Changarawe, matope, maji, yote yanapita chini yake. Shida ni kwamba inahitaji mkia wa kuibalansi, karibu nusu ya njia. Kwa njia ya metre 4, portai nzima inafika karibu metre 6, na zile metre 6 zinatafuta ukuta pa kulala. Katika parseli ya metre 10 mbele, haiingii. Nimeona mafundi wachache wanaoijua vizuri, kwa hiyo omba fundi akuonyeshe moja aliyotengeneza ambayo imekwisha pitisha musimu wa mvua.

Sasa uzito, maana hapa njo watu wanadanganywa. Duka linakuambia moteri inasukuma kilo 300, unaona ni nyingi. Fanya hesabu. Chuma cha bapa cha milimetre 2 kina uzito karibu kilo 16 kwa kila metre ya mraba. Portai ya metre 4 kwa metre 2 na sentimetre 20 ni metre za mraba 8,8. Ni karibu kilo 140 za bapa tupu. Ongeza fremu, vyuma vya katikati, mapambo ya simba na maua, ile michuma yenye ncha juu: unakaribia kilo 250 ao unapita. Moteri ya 300 itakuwa inafanya kazi karibu na mwisho wa nguvu yake kila siku. Tena sisi tunapenda portai iliyofungwa kabisa ili mtu asichungulie ndani. Upepo wa ziwa ukipiga, bawa la batanti linakuwa kama tanga la mtumbwi, na mkono wa moteri njo unalipa.

Tuje kwa kura. Volti 220 zetu, saa moja ya jioni wakati wote wanapika, haziko tena 220. Moteri ya 220 inakosa nguvu, inanguruma bila kusogea, inapata moto. Kwa mazingira yetu mimi ningechagua moteri ya volti 24 yenye batri zake mbili za volti 12. Kura ikiwa dhaifu ao ikienda, batri zinafungua portai mara kadhaa.

Wanaotaka pano ya jua wasinunue ile ndogo ya wati 10 kwa sababu eti portai inafunguka mara nne tu kwa siku. Kinachokula batri sana sana ni ile plake ya elektroniki inayosubiri telekomande usiku na mchana. Kama inakula wati 4, kwa saa 24 ni karibu wati-saa 100. Pano ya wati 10 ikipata saa 4 za jua zuri inaleta 40. Siku ya tatu portai imekwama. Anzia wati 50.

Usisahau radi. Utafiti wa picha za satelaiti uliotoka 2016 uliweka Kabare, hapa kando yetu, fasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Plake ya portai inakufa kwa radi iliyopiga mbali, ikipitia waya. Weka kinga ya radi, weka waya wa tere unaoshuka kweli ndani ya udongo, na mvua ikianza kunguruma, chomoa.

Nimebakiza jambo linaloniogopesha kuliko yote. Katika mtaa ninamokaa, portai ya kuteleza ilitoka kwenye reli ikaanguka chini, dakika chache tu kiisha watoto kuacha kucheza pale. Haikuwa imeharibika. Mwisho wa reli hapakuwa kizuizi. Sentineli aliisukuma kwa mikono sababu kura ilikuwa imekwenda, ikapita magurudumu ya juu, ikalala. Kilo 250 hazitoi mtu nafasi ya kukimbia.

Kwa hiyo kabla ya kulipa fundi salio, angalia mwenyewe: kizuizi cha chuma kila mwisho wa reli, kimeshikwa ndani ya beto na si kuchomelewa juu juu, na magurudumu ya juu yanayoshika portai pande zote mbili. Swichi ya moteri inayosimamisha portai haichukui fasi ya kizuizi, maana portai ikisukumwa kwa mikono ile swichi haifanyi kitu. Kiisha dai macho ya umeme, yale mawili yanayotazamana, ili portai isimame ikikuta mtu. Kule Ulaya kanuni yao EN 12453 inasema portai ikimbana mtu mahali pembamba isipite nguvu ya njutoni 400, sawa na uzito wa kilo 40 hivi, na irudi nyuma haraka. Hapa hakuna wa kukupimia. Weka kartoni tupu katika njia yake. Ikiiponda bila kurudi, fundi apunguze nguvu mbele ya macho yako.

Na kila moteri nzuri iko na ufunguo wake wa kuiachilia, ili portai isukumwe kwa mikono. Mara nyingi ule ufunguo unakaa kwenye droo ya baba, na baba yuko safarini. Watu wa Goma wanakumbuka Nyiragongo ya 22 Mei 2021, namna familia zilitoka usiku na vitu vichache mkononi, na siku tano baadaye sehemu ya mji ikaambiwa ihame. Moto wa nyumba haungoji pia. Ufunguo mmoja ukae fasi ambayo mama, watoto wakubwa na sentineli wote wanaijua, na kila mmoja awe amekwisha jaribu mara moja kuifungua, kura ikiwa imezimwa. Pembeni ya portai jenga mlango mdogo wa miguu, wenye kufuli ya kawaida, usiounganishwa na moteri hata kwa waya mmoja. Kama pesa haitoshi kwa vyote viwili, jenga huo mlango na vile vizuizi mwaka huu, moteri itakuja mwaka kesho.